KUMTAZAMA MAITI BILA YA KUMPASUA

Darasa juu ya picha za vipimo vitatu katika uchunguzi wa vifo

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu akiwa hai na akiwa maiti, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu wa bonde la Lambwe, pamoja na wenzao wa Kendu Bay na Migori, wametuletea masala mawili na kututaka tuyajibu katika darasa. Ya kwanza: je, yafaa maiti aliyekufa kifo chenye shaka apigwe picha kwa kila upande, kisha picha hizo zikusanywe na kompyuta hata litoke umbo lake lenye urefu, upana na kina, linaloweza kugeuzwa na kupimwa? Ya pili: ikiwa yafaa, je, picha hizo zatosha, hata maiti asipasuliwe tena?

Masala haya hayakuzuka hivi hivi. Yana kisa, na katika kisa hicho mimi mwenyewe nina sehemu yangu. Nimeona ni bora nianze na kosa langu kabla sijamfundisha mtu mwingine wajibu wake.

KISA

Miaka kadha iliyopita kijana mmoja alikutwa amekufa alfajiri, karibu na mpaka wa Mbuga ya Taifa ya Ruma. Alikuwa na jeraha moja chini ya mbavu. Baadhi ya watu walisema ni nyati aliyetoka mbugani, kwani nyati wa Ruma wanajulikana. Wengine walikumbuka kuwa siku mbili kabla marehemu aligombana na jirani yake kwa ajili ya ndama, na jirani huyo ana mkuki nyumbani.

Nikaitwa. Wazee wakaniuliza: tungoje daktari, maiti apelekwe mjini akapasuliwe, au tumzike? Nami nikajibu kwa haraka kwamba kumharakisha maiti ni suna, na kumpasua ni kumvunjia heshima, basi azikwe kabla ya Alasiri. Askari waliofika waliandika mistari michache, wakaombwa na wazee wasimchukue, wakakubali. Mimi na mwenzangu mmoja tukamwosha. Shati lake, lililokuwa limetoboka na limejaa damu, likatiwa motoni.

Haukupita muda, maneno yakaanza. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana jembe na chumvi zikaacha kuamkiana. Ng'ombe wa jirani walikutwa wamekatwa mishipa ya miguu. Hapo ndipo uchunguzi ulipofunguliwa, nasi waoshaji tukaitwa tueleze tuliyoyaona. Mimi nikasema jeraha lilikuwa upande wa kulia, na mdomo wake ulikuwa wa mviringo. Mwenzangu akasema lilikuwa upande wa kushoto, na mdomo wake ulikuwa mrefu kama wa chuma kilichonolewa. Sote wawili tuliapa, wala hakuna kati yetu aliyekusudia kusema uwongo. Kufukua kaburi kulitajwa, lakini nyama iliyolibeba jeraha lile ilikuwa imekwisha kurudi katika udongo.

Jirani yule alihama bonde pamoja na watoto wake. Hakuhukumiwa wala hakusafishwa. Na mama wa marehemu hajui hata leo kama mwanawe aliuawa na mnyama au na mtu.

Basi, ndugu zangu, mimi nilidhani ninailinda heshima ya maiti mmoja. Kumbe nimepoteza haki ya watu watatu: haki ya maiti, kwani huenda damu yake ilimwagwa kwa dhulma, haki ya mama yake, na haki ya jirani, ambaye huenda mkono wake ni safi.

1. HAKI MBILI ZISIZOPIGANA

Ni jambo lisilo na khilafu kwamba maiti ana heshima. Iko hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa njia ya Bi Aisha, nayo imo katika Abu Daud na Ibn Majah, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) ameufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na uvunjaji wa mfupa wa aliye hai. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamekataza kumchezea maiti na kumkata bila ya sababu.

Lakini wanazuoni hao hao hawakusema kuwa haki ya maiti huua haki ya aliye hai. Imam Nawawi, katika Al-Majmu', ameitaja masala ya mwanamke aliyekufa na tumboni mwake mna mtoto anayetarajiwa kuishi: hupasuliwa, ili roho iliyo hai iokolewe. Na katika zama zetu hizi, Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokutana Makka mwaka 1987, lilipitisha kuwa kumpasua maiti kwafaa kwa ajili ya kujua sababu ya kifo katika mambo ya jinai pale hakimu anapokuwa hana njia nyingine, na kwa ajili ya kuyajua maradhi na kufundisha utabibu. Likaweka na masharti: pasipindukiwe kadiri ya dharura, maiti wa kike wachunguzwe na matabibu wa kike ila wakikosekana, na viungo vyote vizikwe.

Tazama vizuri sharti la kadiri ya dharura. Maana yake ni kwamba ikiwa jambo laweza kujulikana kwa kutazama, basi kisu hakina ruhusa. Na ikiwa laweza kujulikana kwa kisu tu, basi kukikataa kisu si uchaji Mungu, bali ni kuizika haki pamoja na mwenyewe.

Ama juu ya dalili zisizosema kwa ulimi, hatuna haja ya kwenda mbali. Sote tunakijua kisa cha Nabii Yusuf na kanzu yake. Mwanamke alimtuhumu, wala hapakuwa na aliyeyaona yaliyopita mlangoni. Shahidi wa jamaa yake huyo mwanamke akaipeleka hukumu kwenye nguo: itazamwe imechanika upande gani, wa mbele au wa nyuma. Ikaonekana imechanika nyuma, na Yusuf akawa mkweli, kwani aliyechanika nyuma ni yule aliyekuwa akikimbia. Zingatia kuwa kilichomwokoa si wingi wa viapo, bali ni mahali pa mpasuko na uelekeo wake. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameandika kitabu kizima, At-Turuq al-Hukmiyya, kuonyesha kuwa kadhi asiyejua kuzisoma alama hizi atapoteza haki nyingi za watu.

Nami, baada ya kuifundisha sura hiyo miaka yote, nilipoletewa shati lililotoboka nililitia motoni.

2. JINSI PICHA ZINAVYOPATA KINA

Picha moja ya kawaida ina urefu na upana tu. Jeraha la kina na doa la juu ya ngozi huweza kuonekana sawasawa humo. Tena picha hudanganya vipimo: kitu kilicho karibu huwa kikubwa, kilicho mbali huwa kidogo, na kilichopigwa kwa ubavu hufupika.

Ili mpate kufahamu jinsi kina kinavyopatikana, fikirini wavuvi wetu wa ziwani. Mtu akisimama ufukoni Mbita akaona mtumbwi, anajua mtumbwi uko upande gani, lakini hajui uko mbali kiasi gani. Akisimama mwenzake mahali pengine ufukoni, naye akauona mtumbwi huo huo, basi mistari ya macho yao hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo ulipo mtumbwi. Kama unajulikana umbali baina ya watu wawili hao, umbali wa mtumbwi hupatikana kwa hisabu, bila ya mtu kutia kasia majini. Na ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumbia macho mawili. Fumba jicho moja kisha jaribu kutunga uzi katika sindano, utaona tofauti.

Basi kompyuta hufanya hivyo hivyo. Hupewa picha nyingi za kitu kimoja zilizopigwa kutoka mahali mbali mbali. Hutafuta alama zinazoonekana katika picha zaidi ya moja, kama vile kidoa, kikunyanzi au ukingo wa jeraha, kisha huikutanisha mistari. Kutokana na maelfu ya alama hizo hutoka umbo zima, ambalo mtu huweza kuligeuza, kulitazama kwa juu na kwa ubavu, na kulipima. Ilimu hii huitwa fotogrametria.

Wala si ilimu ya jana. Mjenzi mmoja wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akiupima ukuta wa kanisa kuu la Wetzlar mwaka 1858, akaponea chupuchupu kuanguka. Akajiuliza: kwa nini niuhatarishe uhai wangu kuupanda ukuta, na hali picha zake zaweza kupimwa mezani? Kwa muda mrefu kazi hiyo ilitaka mitambo mikubwa na mahesabu mazito. Leo kompyuta ya kawaida huifanya.

Walioileta katika utabibu wa kisheria kwa ukamilifu ni matabibu wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, wakiongozwa na Richard Dirnhofer na Michael Thali, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliuita mradi wao Virtopsy. Walichukua umbo la nje la maiti kwa picha na kwa mwanga, wakaliunganisha na picha za ndani zilizotokana na mashine. Kisha wakakichukua na kile kinachodhaniwa kuwa kimeumiza, kama nyundo au tairi, nacho wakakitolea umbo, wakaviweka viwili hivyo pamoja katika kompyuta kutazama kama chuma na jeraha vinaafikiana.

Fahamuni sasa ni kitu gani kilichotupita Lambwe. Pembe ya nyati ina unene wake na mpindo wake. Mkuki una ubapa wake na makali yake. Lau umbo la jeraha lile lingelichukuliwa asubuhi ile, lingeliweza kuwekwa mbele ya daktari hata baada ya mwaka, yakapimwa na mkuki wa jirani na pembe za nyati. Si lazima kuwa jibu lingelipatikana, lakini pangelikuwa na kitu cha kutazamwa, badala ya viapo viwili vinavyopingana.

3. KAZI YENYEWE, NA WEPESI WAKE

Wengi hudhani kuwa jambo hili ni la nchi tajiri. Mashine za Bern ni za thamani kubwa, hilo ni kweli. Lakini sehemu ya nje, nayo ndiyo inayopotea upesi zaidi, yaweza kuchukuliwa kwa kamera ya kawaida au simu nzuri ya mkononi, rula, na mtu mwenye subira. Programu za kuzikutanisha picha ziko zinazotolewa bure, kama vile Meshroom na COLMAP. Kazi ikifanywa vyema, kosa la kipimo huwa ni kadiri ya milimita moja.

Kwanza tujue mipaka. Kifo chenye shaka kina wenyewe, nao ni polisi na daktari. Jamaa wasimsogeze maiti, wasimwoshe, wasimvue nguo, wala wasimpige picha kwa kujifanya wao ndio wachunguzi. Kazi yao ni kutoa khabari, kukilinda mahali, na kuomba kwa adabu kuwa picha za namna hii zipigwe na yule mwenye amri ya kuzipiga. Daktari au mganga wa kituo kidogo cha afya akipewa idhini huweza kujifunza kazi hii, na mambo makuu yake ni haya:

(a) Maiti apigwe picha kwanza kama alivyokutwa, na nguo zake, kabla ya kitu chochote kuguswa.

(b) Iwekwe rula kando ya jeraha, sawa na uso wa ngozi, isiwe juu wala chini yake, pamoja na kibandiko chenye namba na tarehe. Picha isiyo na kipimo ndani yake hutoa umbo zuri lisilojulikana ukubwa wake.

(c) Mwanga uwe sawa pande zote. Kivuli cha mchana ni bora kuliko jua kali, na taa ya kamera haifai, kwani hung'arisha majimaji, na kompyuta hupotezwa na kila king'aacho.

(d) Mpiga picha azunguke, si maiti azungushwe. Kila picha ichukue sehemu kubwa ya ile iliyoitangulia, kadiri ya thuluthi mbili. Mzunguko mmoja uwe wa chini, mwingine wa juu zaidi, kisha za karibu. Kwa jeraha moja, picha 30 hadi 60 zatosha.

(e) Kamera isivute karibu wala isibadilishwe katikati ya kazi, wala picha zisipambwe baadaye kwa kuongezwa rangi au mwanga.

(f) Kipimwe kwa mkono kitu kingine kilichomo pichani, kisha kilinganishwe na kipimo cha kompyuta. Vikitofautiana, kazi irudiwe maiti angali yupo.

(g) Picha za asili zihifadhiwe kama zilivyo, na iandikwe ni nani aliyezipiga, saa ngapi, kwa chombo gani, na zimepita mikononi mwa nani. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 106B, huhitaji cheti kilichotiwa sahihi kinachoeleza jinsi ushahidi wa kielektroniki ulivyopatikana. Picha nzuri isiyo na cheti huweza kukaa nje ya mlango wa mahakama.

Wala manufaa haya si ya maiti peke yao. Mwanamke aliyepigwa, au mchungaji aliyekatwa panga, huandikiwa fomu ya P3 na tabibu. Fomu huandika maneno machache juu ya jeraha, kisha jeraha hupona, na kesi husikizwa baada ya miezi mingi mwenyewe akiwa hana alama ya kuonyesha. Umbo lililochukuliwa siku ile halifutiki kwa kupona kwa ngozi.

4. YALIYO NDANI YA MWILI

Sasa tuje kwenye masala ya pili: je, picha hizi zatosha? Jawabu ni kuwa hazitoshi daima, na anayewaambia watu kuwa zatosha anawahadaa. Kamera huona ngozi tu. Haioni mfupa uliovunjika ndani, wala damu iliyomwagika tumboni, wala sumu.

Kwa mfupa na risasi iko eksirei, iliyovumbuliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Katika Afrika Kusini iko mashine iitwayo Lodox, inayoupiga mwili mzima eksirei kwa muda mfupi sana. Asili yake ilitengenezwa kwa ajili ya migodi ya almasi, kutazama kama wafanyakazi wamemeza mawe. Chombo kilichoanza kwa kuwatuhumu masikini leo kimo katika hospitali na katika chumba cha maiti cha Cape Town, kikitafuta risasi miilini mwa waliouawa.

Juu ya hiyo iko siti skani, ambayo huukata mwili kwa miale badala ya kisu, vipande vyembamba kama mkate wa boflo, kisha kompyuta huvipanga hata litoke umbo zima la ndani. Walioigawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa ajili yake ni Mwingereza Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye fikra hiyo ilimjia alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine hii ni ya mamilioni ya shilingi, lakini ikiwa imekwisha kununuliwa kwa ajili ya wagonjwa, kumpitisha maiti usiku si gharama ya kununua nyingine. Nchini Uingereza wako Waislamu na Mayahudi wanaoomba jambo hilo hilo kwa maiti wao, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya huko, katika kesi iliyohusu familia ya Kiyahudi, ilionyesha kuwa mchunguzi wa vifo anapaswa kulizingatia ombi la namna hiyo, si kulitupa.

Hata hivyo, tuwe wakweli. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2012 uliwalinganisha maiti 182 waliopigwa picha kisha wakapasuliwa. Katika 32 kwa kila mia, sababu ya kifo iliyotolewa na siti skani ilikhitilafiana sana na ile iliyopatikana kwa kisu. Maradhi ya mishipa ya moyo na damu iliyoganda katika mapafu ni miongoni mwa mambo yaliyoipita.

Basi utaratibu unaoafikiana na sheria ya Mwenyezi Mungu na ilimu ya utabibu ni ngazi yenye vidato vitatu: jicho na kipimo kwanza, kisha miale inapopatikana, kisha kisu kwa lile lililobaki tu. Tabibu akiruka kidato bila ya haja amemdhulumu maiti. Na jamaa wakikataa kidato cha mwisho pale kinapohitajika wamewadhulumu walio hai, na maiti wao vile vile.

Na anayedhani kuwa kungoja hakudhuru, akumbuke Shakahola. Mwaka 2023 katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kujiua kwa njaa, ikachunguzwa Malindi. Mingi ilikuwa imekwisha kuharibika, hata sura haikuweza kumtambulisha mwenyewe, ikalazimu nasaba kutafutwa kwa vipimo vya DNA. Familia za mwanzo zilikabidhiwa maiti wao Machi 2024, takriban mwaka mzima baadaye. Udongo haumngoji mchunguzi.

5. SHAKA ZINAZOTAJWA

Atasema mtu: kutengeneza sura ni haramu, na hii ni sura. Twamjibu kuwa Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala maalumu kuhalalisha picha za kamera, kwani mpiga picha haumbi kitu, bali huzuia kivuli kilichoumbwa na Mola wake. Na umbo lililomo katika kompyuta ni hisabu na mwanga. Halina mwili, wala halisimamishwi likatukuzwa. Hata daktari akihitaji kuchapisha kipande cha mfupa kwa plastiki ili hakimu akishike mkononi, hicho ni kipande cha ushahidi, si sanamu la kiumbe kamili.

Atasema mwingine: mwosha maiti ameamrishwa kusitiri aliyoyaona. Hilo ni kweli, nami niliwahi kujikinga nalo. Lakini linalositiriwa ni aibu ya maiti. Jeraha la aliyedhulumiwa si aibu yake, bali ni dai lake, na yeye hana ulimi wa kulidai. Kuificha aibu ni sitara, kulificha dai ni khiana.

Shaka ya tatu ndiyo nzito, nami sina la kuipunguza. Uchi wa maiti ni uchi kama wa aliye hai. Tumeona jinsi picha za waliokufa ajalini zinavyorushwa katika simu za watu hata kabla mama zao hawajapata khabari. Huo ni unyama, na mwenye kuupeleka mbele ana sehemu yake ya dhambi. Kwa hivyo picha za uchunguzi ni amana. Zisipigwe kwa simu ya mtu binafsi yenye kutumiwa kwa mazungumzo, bali kwa chombo cha kazi. Uchi usitirike ila pale penye jeraha. Maiti wa kike apigwe na mwanamke anapopatikana. Na asizione ila mwenye kazi nazo. Tukishindwa kuyatimiza haya, tutakuwa tumemwepusha maiti na kisu cha tabibu tukampasua kwa macho ya watu.

6. LINALOTUPASA

Basi, enyi ndugu wa Lambwe, jawabu ya masala yenu ni hii. Kupiga picha hizi kwafaa, na penye shaka ya kumwagwa damu kwakaribia kuwa wajibu kwa mwenye uwezo na amri. Wala hakuondoi kisu moja kwa moja, lakini hukipunguzia kazi, na pengine hukiondolea haja.

Kila msikiti wetu uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, katika wale wanaoosha maiti, wafundishwe na matabibu kuzitambua alama za kifo chenye shaka. Wakiiona alama wasimame, mkono usiguse maji, polisi waitwe. Nguo isitiwe motoni wala isifuliwe. Wazee wa msikiti waende kwa wakubwa wa hospitali za kaunti, waombe kuwa mganga mmoja afundishwe kazi hii ya picha, na watu wachangie kamera ya kazi kama wanavyochangia sanda na jeneza. Na imamu akiulizwa penye shaka, asijibu kwa haraka kama nilivyojibu mimi. Suna ya kumharakisha maiti haikuja ili iwaharakishe wauaji kwenda zao, wala ili imwache asiye na kosa atembee na tuhuma mpaka kaburini kwake.

Mwosha maiti ndiye mtu wa mwisho kuuona mwili wa binaadamu kabla ya udongo. Nilipewa nafasi hiyo, nikaona, wala sikupima. Jirani yule hajarudi bondeni. Nimemwandikia kumtaka radhi, na mama wa marehemu nimekwenda kwake kwa miguu yangu. Aliniuliza swali moja tu, nalo ni lile lile nililoulizwa siku ile: jeraha lilikuwa upande gani? Sikuwa na jawabu.

Mwenyezi Mungu atughufirie, na awape wenzetu macho yenye kuona na mikono yenye kupima. Wallahu aalam.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini kanzu ya Nabii Yusuf ilikuwa ushahidi wenye nguvu kuliko maneno ya aliyemtuhumu?
2. Eleza kwa mfano wako mwenyewe jinsi picha nyingi zinavyotoa kina ambacho picha moja haikitoi.
3. Taja mambo mawili ambayo kamera haiwezi kuyaona katika maiti, na kidato cha ngazi kinachofaa kwa kila moja.
4. Ni lipi analolisitiri mwosha maiti, na ni lipi asiloruhusiwa kulificha?
5. Maiti ameletwa msikitini, watu wanataka azikwe kabla ya Alasiri, nawe umeona jeraha usilolielewa. Utafanya nini kwanza?